Namba ya Kasi Ubaoni

Mrushaji huyu wa timu ya besiboli ya chuo chetu hulainisha ukucha wa kidole cha kati kabla ya kila mchezo, kisha huuviringisha mpira viganjani kama mtu anayeosha yai. Maganda ya mbegu za alizeti anazotafuna huyatemea kikombeni, si chini kama wenzake. Mimi ndiye ninayeendesha ubao wa matokeo, ambao pia huonyesha kasi ya kila mpira unaorushwa, na kila akiingia, Kocha Stroud hunipigia simu: "Loretta, zima namba ya kasi." Wale wanaorusha maili tisini na tano kwa saa huwashiwa namba zao, hata wakimgonga mpigaji mbavuni. Huyu anayeuweka mpira pale pale anapotaka tunamficha kama aibu ya ukoo. Amekosa nini?

Jumamosi wageni walimzomea. "Wewe, huo mpira unakuja kwa miguu?" Alifuta tu vidole kwenye suruali. Wapigaji watatu waliingia, wote watatu wakapiga hewa mara tatu tatu, wakatolewa, wakarudi benchi wakilaumu upepo. Wasaka vipaji wa timu kubwa hawakuona. Walikuwa wameweka chini vipima kasi vyao na kwenda kununua soseji. Alipotoka uwanjani, alisimama chini ya dirisha langu, akasema kwa ile sauti yake ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Bi Loretta, naomba uwashe. Waone wametolewa na nini."

Simu ya kocha ilikuwa inaita. Niliiacha iite, nikawasha namba ya mpira wake wa mwisho: sabini na nane.