Mwalimu Zuena Uani kwa Kijakazi

Neno mila Mwalimu Zuena hakulipenda kwa lugha yoyote, na mtaala ulimlazimisha kulifundisha kwa Kiingereza. Alhamisi ile, kwenye sekondari moja ya Kibiti, aliwaeleza kidato cha pili kwamba kwa maneno ya Kiingereza mila hutunzwa, huenziwa, hurithishwa. Na anayeiacha husemwa ameivunja, utadhani ni chungu cha watu.

"Andikeni hivyo mtihanini," akasema. "Nje ya mtihani msiamini hata moja."

Uchungu wake ulikuwa na asili. Alipovunja ungo yuko darasa la saba, kungwi Kijakazi alimweka ndani miezi sita, anasingwa mwili kwa liwa na kufundwa kunyamaza, huku wenzake wakifanya mtihani wa kumaliza shule. Baadaye alirudia darasa kwa mjomba wake Ikwiriri, watoto wakimwita shangazi. Tangu hapo, akikutana na Kijakazi sokoni, hampi hata shikamoo.

Sasa dawati la Chiku lilikuwa tupu siku ya tatu. Aliulizia. Msichana mmoja akainamisha kichwa, akasema kwamba Chiku amewekwa ndani kwa bibi yake, na bibi mwenyewe ni Kijakazi. Mtihani wa taifa ulikuwa Jumatatu.

Zuena hakungoja kengele. Alimkuta bibi kizee uani anapepeta mchele, akammwagia maneno bila salamu: umenila mimi hukushiba, sasa unamla mjukuu wako. Kijakazi hakusimamisha mikono. Alisema mwali hatoki wala haonwi uso kabla ya kuchezewa ngoma yake, ngoma ni mwezi ujao, na mtihani haujapata kumposa mtu. Zuena akaapa kumleta mtendaji wa kijiji.

"Mlete," akasema Kijakazi. "Na Salima wako je? Hapa alikuja na nani?"

Salima ni binti wa pekee wa Zuena, na alimleta awekwe ndani kwa mkono wake mwenyewe, na doti mbili za kanga juu, kwa kuogopa midomo ya majirani. Leo Salima anauza vitumbua stendi, na humgeuzia mama yake mgongo akipita.

"Nilimleta mimi," akasema Zuena. "Na hanisemeshi mpaka leo. Usimfanye huyu naye asikusemeshe."

Mlango wa chumba ukafunguka. Chiku akatoka mchana kweupe, liwa imemkauka shingoni, uso wazi, wapita njia wanamwona.

"Mwalimu," akasema, "Jumatatu tunaanza saa ngapi?"

Kijakazi akapiga kelele ya kuita watu. Zuena hakumsikia vizuri, maana alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umeshavua mtandio kichwani na kuunyoosha mbele, kumfunika mtoto uso. Aliona haya kuliko siku zote za maisha yake. Akaurudisha mtandio kichwani kwake.

"Saa mbili kamili," akasema. "Twende ukanawe."