Mchezo wa Arobaini

Karani wa ofisi ya kupiga chapa pale Ukunda alikuwa na programu mbili za sataranji zilizotolewa bure, kila moja katika kompyuta yake. Mwenye ofisi alimruhusu abakize moja tu. Basi kila adhuhuri alizishindanisha, michezo arobaini kwa jumla, akiweka alama daftarini. Kila hatua ya mashine ya kushoto aliitamka polepole, akahamia kiti cha pili, akaiandika katika mashine ya kulia kwa kidole kimoja. Ile ya kushoto ndiyo aliyocheza nayo jioni zote, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyeujua mchezo huo.

Katika mchezo wa mwisho alama zilikuwa zimelingana, na ya kushoto ilikaribia kushinda. Nilipoingia kuchapisha barua yangu nilimkuta ameduwaa, akaniambia:

“Shikamoo, mzee. Hapa nyuma nimemwandikia huyu wa kulia farasi pasipo pake.”

“Marahaba. Nani mwingine ameona?”

“Hakuna.”

Karani akaukata mchezo huo daftarini kwa rula, mstari mmoja mnyoofu, akaanza upya. Ya kulia ilishinda kabla ya alasiri. Aliifuta ile ya kushoto, akalifunga daftari, kisha akanigeukia.

“Mzee wangu, sataranji hungependa kujifunza?”