Freni za Papa Siku ya Maziko

Papa alipokufa, neno la kwanza la tonton, mdogo wake, halikuwa pole. Alisimama mlangoni kwetu, hapa Mangobo, akaitazama pick-up iliyokaa uani na jiwe kwenye gurudumu, akasema, "Ile gari, hapana. Tutakodi ingine ya kumubeba." Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, wanawake wa avenue, mtaa wetu, wamemzunguka. Hakuinua uso. Alijibu kwa sauti ile anayoitumia sokoni akikataa bei: "Muzee atatoka hapa na gari yake."

Mimi ni binti yao wa kwanza, na ndimi niliyekuwa naendesha gari ile tangu papa aanze kuugua, kwa hiyo nilijua tonton hasemi uongo. Gari haikuwa na freni. Niseme vizuri: ilikuwa nazo, ila zilikuwa na tabia zao. Ukikanyaga mara ya kwanza, mguu unashuka mpaka chini na hupati kitu. Unakanyaga tena, unapata kidogo. Ya tatu ndiyo gari inakumbuka kwamba inatakiwa kusimama, na hapo inavuta kushoto, lazima mikono iwe tayari. Papa alinifundisha hivyo hivyo, kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, kama mtu anayejaza upepo baiskeli. Kwenye barabara ya soko wote walimjua. Wamama wauza pondu, majani ya muhogo, walivuta mabeseni yao kabla hajapiga honi. Vijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, walimwuliza, "Papa, leo utasimama wapi?" naye akawajibu, "Pale gari itapenda." Hakuwahi kumgonga mtu hata mmoja, maana alianza kusimama mbali, mbali sana.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemkatalia. Mama. Ukitoka mjini kwenda upande wa makaburi kuna mteremko mrefu, na miaka yote ya ndoa yao mama hakuwahi kuuteremka ndani ya gari. Wakifika juu anasema, "Simamisha." Anashuka, anajifunga kitenge vizuri, anateremka kwa miguu. Papa anatangulia na gari, anamngoja chini, mlango umefunguliwa, ametoa mkono nje, anapiga mluzi. Mama akifika anamwambia, "Kumbe uko mzima." Kila safari, maneno ni hayo hayo. Na papa anamwahidi kwamba siku moja atateremka akiwa amekaa, kama bibi wa gavana.

Sasa shida yetu. Kwetu marehemu hapelekwi mbio. Gari inayombeba inaenda mwendo wa mtu anayetembea, na watu wako mbele yake wanaimba, vijana ndio wa karibu kabisa, migongo yao inataka kugusa gari. Na kama marehemu alikuwa mtu wao, wakifika mahali wanapopenda wanakaa chini katikati ya barabara, wanakataa gari isipite. Ndiyo heshima yao. Wanalia, wanacheza, wakubwa wanawabembeleza, mwisho wanaondoka. Hawamwambii dereva ni wapi watakaa. Wote waliokuwa uani waliuona ule mteremko kichwani mwao tonton alipouliza, "Nani atatembea mbele ya ile gari? Shemeji, utatuma mutoto ya nani?"

Mimi nikashindwa kunyamaza, ndivyo nilivyo. "Tonton, huyu mutu alibeba mizigo ya kila nyumba ya hii avenue. Siku wewe ulihama, kitanda yako nani alibeba? Leo ye mwenyewe abebwe na gari ya mugeni?"

"Mi sijakataa gari," akasema. "Nimekataa freni."

Bon. Papa mwenyewe alikuwa amezikataa kabla yetu. Niliingia chumbani kwao, nikapiga magoti, nikavuta chini ya kitanda vyuma alivyovifunga ndani ya kitenge kilichochakaa. Nilivijua, nilimsaidia kuvibeba. Gari yetu ni ya zamani, magurudumu yote yana ngoma, ile sufuria ya chuma inayoficha freni ndani, na siku za mvua maji yakiingia basi hazishiki mpaka zikauke. Lakini kule Bangboka, papa alikokuwa anachukua mizigo ya wafanyabiashara uwanja wa ndege, kulikuwa na pick-up iliyokufa, ndugu ya yetu, mdogo kidogo kwa umri, na magurudumu yake ya mbele yalikuwa na diski: sahani ya chuma iliyo wazi, inabanwa pande mbili. Vyuma vipya vya kutoka Kinshasa hatukuviota hata ndotoni. Papa akaanza kuila ile maiti kidogo kidogo. Biashara ikienda vizuri, anarudi na diski. Ikienda vibaya, anarudi na mikono mitupu na utani. Safari nyingine kibanio, safari nyingine kitovu cha gurudumu. Mama akawa anafagia kuzunguka vyuma vile, akisema waume wa wenzake wanaficha pesa chini ya kitanda, wa kwake anaficha gari. Halafu ugonjwa ukaja, na vyuma vikabaki pale.

Nikamwita fundi aliyekuwa anaitengeneza gari ya papa siku zote. Alikuja amevaa shati jeupe la matanga, akalivua, akalitundika kwenye kamba ya nguo. Akavikagua vyuma. "Hizi za mbele tutafunga. Za nyuma tutaacha ngoma zake, nitasafisha tu. Lakini pompa kubwa haiko, ile inayosukuma mafuta. Hii ya zamani iko ndogo kwa hizi diski, mguu utashuka tena chini." Papa alikuwa amenunua kila kitu isipokuwa kile.

Nilimpigia simu mwenye ile gari iliyokufa. Nilitaka kumwuliza tu kama pompa bado ipo, lakini nilipomwambia kwamba papa ametutoka simu ikakatika. Nikamtukana moyoni. Mchana akafika na moto, yaani pikipiki, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya michango, pale watu wanapoleta mfuko wa sukari, mchele, kahawa, akaweka mfuko wa plastiki uliojaa mafuta meusi, pompa ndani yake. Wamama wa mezani wakatazamana. "Ni ya muzee," akasema. "Alisema nisiuzishe mutu mwingine." Mifukoni alikuwa na mirija ya freni pia, imekunjwa vizuri. Nilishindwa kumshukuru, nililia tu mbele yake kama mtoto, na yeye akawa anafuta mikono yake kwenye suruali.

Basi tukawa na matanga upande mmoja wa ua na garaji upande mwingine. Huku sufuria za maharage, nyimbo, wageni kwenye viti vya kukodi. Kule gari imepandishwa juu ya magogo na miguu ya fundi inatokea chini yake. Tonton alikaa katikati, ameupa kila upande bega moja.

Fundi alipofungua mrija wa zamani, hayakutoka mafuta. Yalitoka maji meupe, yana povu. Hakushangaa. Dereva yeyote wa hapa anajua: mafuta ya freni yakiisha njiani na mfuko hauna kitu, unakatakata sabuni ndani ya maji, unamimina, gari inasimama. Inasimama kwa leo. Kwa kesho ile sabuni inakula mirija kwa kutu, na ndiyo sababu mguu wa papa ulikuwa unashuka mpaka chini. Nilijua alifanya hivyo mara moja moja. Sikujua kwamba ndani hamkuwa na kitu kingine isipokuwa sabuni.

Harufu ilifika mpaka kwenye mkeka. Mama akasimama. Wanawake walijaribu kumshika, akawapita, akaja, akachovya vidole kwenye bakuli fundi alilokingia yale maji, akanusa. Lazima nieleze: mama anafua kwa sabuni ya mche anayoikata mwenyewe, na miaka mingi tuliishi na kesi ya sabuni inayoisha kabla ya wakati wake. Mimi nilichapwa kwa sababu ya sabuni hiyo. Mtoto wa jirani alikatazwa kuingia uani. Papa alikuwa anakaa pembeni anakula kwanga yake, mkate wa muhogo, anatikisa kichwa, anatuambia, "Banangu, musikie mama yenu."

"Hii ni sabuni yangu," mama akasema. Akacheka. Alicheka kweli, mkono kiunoni, mpaka waimbaji wakanyamaza. "Muzee mwizi. Angalia huyu muzee mwizi." Akarudia tena, muzee mwizi, muzee mwizi, na kati ya mara moja na nyingine kicheko kikageuka, sauti ikakatika, akakaa palepale kwenye udongo wenye mafuta, vidole vyake vyenye povu mbele ya uso. Sikumgusa. Sikuwa na nguvu ya kumgusa mtu. Fundi alirudi chini ya gari, na kwa muda mrefu sikusikia spana ikigonga chuma.

Kazi ilipoisha, safari hii na mafuta halisi ndani, nilipakia mifuko ya mchanga nyuma, uzito wa sanduku na watu, nikaitoa gari barabarani kwa majaribio. Nilikuwa nimepanga kusimama kwenye nguzo fulani. Tonton akatoka uani, akaenda kusimama katikati ya barabara, akanipa mgongo, akakunja mikono. "Kuja," akasema.

"Tonton, toka hapo."

"Kuja, nimesema."

Nikaenda. Nikakanyaga, na kwa mazoea mguu ukaachia ili ukanyage tena, lakini gari ilikwisha kushika, ikatingishika, ikasimama nyuma yake karibu kiasi kwamba shati lake lilipepea. Hakugeuka. Alivuta kola akajifuta uso nayo, akarudi ndani, akawaambia wale aliowapigia simu ya gari ya kukodi kwamba basi.

Siku ya maziko sanduku la papa lilipanda nyuma ya gari yake, na mama akapanda mbele, karibu nami. Wakubwa walinong'ona kwamba si kawaida mjane kukaa pale, wala binti kuendesha. Waliendelea kunong'ona, sisi tukaondoka. Vijana wa toleka walikuwa mbele, baiskeli wameziacha, wanaimba, "Papa, leo utasimama wapi?" Tulipofika juu ya mteremko nikasimamisha, kama ilivyokuwa siku zote, nikamngoja mama ashuke.

Hakushuka. "Enda," akasema, akitazama mbele.

Tukaanza kuteremka. Nilizihisi diski zikibana kidogo kidogo, sawasawa, hakuna kuvuta kushoto. Katikati kabisa ya mteremko, pale pabaya kuliko kote, vijana wakakaa. Wote kwa mara moja, chini, migongo kwetu. Nikakanyaga. Gari ikasimama palepale. Sanduku likateleza kwa mbele, likagonga ukuta wa kabina nyuma ya vichwa vyetu, ko.

Mama akageuka haraka na kuitika. "Eee, papa." Kwa sauti ya nyumbani, ya mtu aliyeitwa kutoka jikoni. Kisha akaelewa. Akauweka mkono kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, akauacha hapo, na vijana wakaimba mpaka walipochoka, na gari ikashika muda wote huo bila mimi kukanyaga mara ya pili.

Makaburini, watu walipolishusha sanduku, gari iliinuka kidogo kwa nyuma, nyepesi. Hilo ndilo lililoniua mimi. Watu walilia walipoona shimo, mimi nililia nilipoona gari inainuka.

Pick-up bado tunayo, ndiyo inayotulisha. Freni ni nzuri, fundi ananigombeza kwamba nizikanyage mara moja, siyo kama papa, zitaisha bure. Namwambia najua. Mguu haujui. Wamama wa pondu hawavuti tena mabeseni yao tukipita, na siku ya kwanza nilipoliona hilo niliumia kuliko nilivyotegemea.

Mama na mimi tunaenda kusafisha kaburi. Tukifika juu ya mteremko anasema, "Simamisha." Nilimweleza mara ya kwanza kwamba gari inashika sasa, aliona mwenyewe. "Naona," akasema, akashuka. Anajifunga kitenge, anateremka kwa miguu, polepole, magoti yake si yale ya zamani. Mimi natangulia na gari, namngoja chini, nafungua mlango. Anafika, anashika mlango, anaangalia kwenye usukani. Lile neno alilokuwa anampa papa hapa chini hajanipa hata siku moja. Anasimama hapo kidogo, mkono kwenye mlango, kisha anapanda.