Siku Guka Alipokataa Kuketi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku ujumbe wa posa ulipotoka Maua kuja kwetu Kiritiri. Nilikuwa msichana mwenye haraka ya kuolewa, na sioni haya kulisema. Wageni walikuja na asali, na fungu la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba kama desturi yao inavyotaka.

Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hivyo neno la mwisho lilikuwa la babu yangu, Guka Njagi. Alikuwa mzee wa kanisa, mkali wa ulimi. Lakini uzee ulikuwa umemlegeza, na mkojo ulimtoka kabla hajafika chooni. Shangazi yangu Wawira ndiye aliyemtunza. Alimpenda baba yake kwa moyo wote, ila alilipenda pia godoro jipya alilomnunulia. Basi alimvika vitambaa vya shuka kuukuu, na juu yake akamfunga nailoni, akaikaza kama mzigo unaopandishwa kwenye gari. Akamnyima chai ya jioni ili asilowane. Alipombadilisha, na haikuwa mara nyingi, alimsugua kwa sabuni ile ile ya kusugulia vyombo, kisha akamrashia poda yenye marashi.

"Wawira, mimi si sufuria!" Guka alikuwa akilia.

"Vumilia, baba. Unataka wageni wakunuse?"

Kufikia siku ya posa, ngozi ya mapaja na makalio ilikuwa nyekundu, imechunika, na Guka hakutaka mtu ajue.

Wageni wakaketi. Guka akavutiwa kiti chake. Akakitazama kama mtu anayetazama jiko la moto, akabaki amesimama na mkongojo wake.

"Keti, mzee wetu," akasema msemaji wao, bwana mnene aliyekuwa ameanza kutoka jasho.

"Niko sawa."

Wageni wakanong'onezana kwa Kimeru. Mzee asiyeketi amekasirika, ndivyo walivyoelewa. Msemaji akakohoa, akaongeza mbuzi. Guka akahamishia uzito mguu wa pili, akaguna. Msemaji akaongeza mbuzi mwingine. Guka akakunja uso, akavuta pumzi kwa meno. Wakaongeza blanketi, wakaongeza mtamba. Wajomba zangu walikuwa wameinamisha vichwa wasionekane wakicheka, lakini mimi sikucheka. Nilimwona mchumba wangu akipangusa uso, na nilijua uvumilivu wa watu una mwisho.

Mwisho huo ukafika. Msemaji akasimama. "Kama hamtutaki, semeni. Turudi Maua kabla giza halijaingia."



Hapo akainuka mama wa mchumba wangu, Mama Kathure, mwanamke mtulivu aliyekuwa amemuuguza mama yake mzazi kwa miaka mingi. Alikuwa amesikia nailoni ikilia kila Guka alipojigeuza. Akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, hii ni hasira au ni ngozi?"

Guka akatazama dari. "Ni ngozi, mama. Hasira ningeweza kuikalia."

Msemaji alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, na nyumba nzima ikamfuata. Mama Kathure hakucheka. Alimvuta shangazi jikoni, nami nikawafuata na birika.

"Dada, unamtunza mzee au unalitunza godoro?"

Shangazi akaanza kulia. "Nimefanya kila kitu!"

"Umefanya kupita kiasi. Punguza."

Mjomba mmoja na shangazi wakamwingiza Guka chumbani, wakafuata maelekezo ya Mama Kathure. Nailoni ikatupwa. Wakamwosha kwa maji vuguvugu bila kusugua, wakamkausha kwa kumgusagusa na leso laini, wakampaka mafuta ya mgando yasiyo na marashi. Aliporudi alikuwa amevaa kikoi, akalala ubavu kwenye kochi kama mfalme, akaomba chai. Msemaji akajaribu kuwaondoa wale mbuzi wa nyongeza.

"Hizo mbuzi mlizitaja wenyewe," akasema Guka. "Mimi nilikuwa nimesimama tu."

Kwa pale palipokuwa pamechubuka, tulimpeleka zahanati akapewa dawa. Siku ya harusi yetu aliketi kanisani ibada nzima, akakoroma wakati wa mahubiri. Shangazi alikataa katakata aamshwe.

Sasa nisikilize, wewe uliyeachiwa baba au mama wa kutunza. Leo kuna nepi za watu wazima madukani, lakini nepi iliyolowa ikiachwa inaunguza kama ile nailoni. Mbadilishe mapema, mara tu inapochafuka, hasa ikiwa ni choo kikubwa. Mkumbushe kwenda msalani kabla hajabanwa. Maji na chai usimnyime, maana mkojo mzito ndio unaochoma zaidi. Mwoshe kwa upole, mkaushe hata kwenye mikunjo, kisha mpake mafuta kidogo tu ya kuikinga ngozi. Ukiyajaza, nepi haitanyonya. Itazame ngozi yake kila siku, na ukiona wekundu hauondoki, au pamefunguka kidonda, nenda kwa daktari, usijaribu kila unachoshauriwa na majirani. Na kabla ya yote, muulize. Funga mlango, mfunike vizuri, umuulize kama anaumwa, maana hatakwambia mwenyewe.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, isichoke na isiwe na ukali. Na siku yako ya kutunzwa ikifika, akupe mtu wa kukuosha polepole.