Fulana za Ngome ya Barka

Kaka yangu ana kiduka Barka, pwani ya Batina kule Omani, jirani na ngome ya zamani. Watalii wakishashuka minarani huwauzia maji baridi na fulana. Mama alihamia kwake baada ya baba kufariki Unguja. Alinipigia akinisimulia ngome za huko, Rustaki, Nakhali, Sohari, kila mji na yake. "Watu hawa," alisema, "hawakuwa na kazi ila kuogopana."

Mimi nilikuwa Guangzhou, mtaa wa maduka ya nguo wa Guangyuan Xilu, nikisimamia uchapaji wa fulana za kaka zenye ngome ya Barka kifuani. Zikishapakiwa, ningepitia Maskati nikamwone mama. Hatukuwa tumeonana tangu ahame, na sikutaka kingine duniani.

Basi kaka akaanza ukorofi. Sampuli ya kwanza, mnara wa kushoto mfupi. Ya pili, ukuta mwekundu mno, anautaka rangi ya biskuti. Ya tatu, mlango hauonekani. Laoban, yaani mwanamke mwenye duka lililozichapa, akanuna. "Bu xing! Haiwezekani tena!"

Na kila nikiomba kusema na mama, naambiwa kalala, au yuko msalani, au anaswali.

"Siku hizi anaswali kuliko imamu," nikamtania kaka. Hakucheka.

Siku niliyomwambia mzigo umefungwa na tikiti nimekata, ndipo kaka aliponiambia.

"Mdogo wangu, mama tumemzika Ijumaa iliyopita. Aliugua tangu sampuli ile ya kwanza."

Kwetu aliye ugenini hapewi habari mbaya. Huambiwa wote wazima mpaka afike, eti asihangaike peke yake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wangu walinificha hata kilio. Nilikasirika.

"Na ule mnara wa kushoto? Ulikuwa mfupi kweli?"

"Haukuwa mfupi. Nilitaka uwe na shughuli."

Mchukuzi mwenye robota la nguo alikuwa akinipigia kelele nimpishe. Sikuweza kusogea.

"Alikuwa akiniulizia?"

"Kila siku," kaka alisema, naye sasa analia. "Tulimwambia uko njiani. Akawa hataki kulala mchana, usije ukaingia ukamkuta kasinzia."