Masanduku Sita ya Ramlatu

Lubabatu wa mtaa wa Gwammaja, mjini Kano, alikuwa ameozesha mabinti arobaini na mmoja, wote wa vitabuni. Zamani vitabu vyake viliuzwa sokoni. Siku hizi wanawake wanamsoma kwenye simu, sura moja kila Ijumaa. Mabinti zake hupendwa na wanaume wenye magari ya kifahari, na kabla ya harusi huletewa masanduku kumi na mawili ya nguo na manukato. Mjane huyu alilea watoto kwa masanduku hayo ya kubuni, kwa hiyo asichekwe ovyo.

Kisha Ramlatu, mtoto wake wa kwanza, akapendwa na mwanamume asiye wa kitabuni. Nasidi alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye pikipiki kuukuu, na alijua kumchekesha Ramlatu mpaka ashike ukuta. Ndugu za Nasidi wakaleta masanduku ya harusi. Matatu.

Mama wa Kihausa humwonea haya mtoto wake wa kwanza. Mambo ya ndoa yake huwaachia ndugu, yeye akajitia hayupo. Basi Lubabatu hakuyafungua yale masanduku wala hakuuliza yana nini. Alisikia idadi tu, na idadi ikamchoma.

"Matatu!" alimwambia dada yake Sahura. "Kesho majirani wanakuja kuyatazama, na wote ni wasomaji wangu. Uso nitauweka wapi?"

"Uache hapohapo ulipo. Mwanao kampenda mwalimu, hakumpenda gavana."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jioni ile Lubabatu alinunua masanduku mengine matatu, akayajaza harakaharaka, akambembeleza Sahura achanganye nguo zote, pasiwe na sanduku litakaloonekana nyonge. Sahura alinung'unika, lakini akachanganya.

Kesho yake wanawake wakajaa sebuleni. Lubabatu alikaa chumbani nyuma ya pazia, kama mila inavyotaka. Alisikia vigelegele, akasikia "Sita! Mashallah!", moyo ukamtulia. Ndipo akaingia Tabawa, shangazi yake Nasidi, amekuja kuleta hina iliyosahaulika.

"Mbona sita?" akauliza Tabawa. "Sisi tulileta matatu. Haya mengine ya nani?"

Wanawake wakatazamana.

"Si nawauliza? Kuna mwanamume mwingine mmempokea humu, na sisi tunahangaika na hina?"

Sahura alitazama pazia. Neno moja tu la Lubabatu lingetosha. Lakini kutoka mbele ya watu kumtetea mtoto wa kwanza, tena kukiri kwamba amenunua masanduku ya kujionyesha, zilikuwa aibu mbili kwa mpigo. Akabaki amekaa. Alikosea, na alijua anakosea palepale alipokaa.

Tabawa akaondoka na hina yake. Alasiri Nasidi akaja mwenyewe, akachuchumaa mlangoni, macho chini, kama mkwe anavyopaswa. Sasa Lubabatu alitoka, akaeleza yote huku akilia.

"Mama," Nasidi alisema, "nilipoambiwa kuna mwanamume mwingine, nilikasirika. Lakini mwanamume ningeshindana naye. Kumbe ni wewe. Nitakuletea nini mimi, maisha yangu yote, kikutoshe?"

"Nisamehe, mwanangu. Usimwache kwa kosa langu."

"Nimekusamehe, Mama. Ila kuoa hapa siwezi tena. Kila nitakacholeta nitajiuliza umekiongezea nini."

Hakudai kitu. Mwanamume anayejitoa huviacha alivyoleta, ndiyo desturi. Aliwasha pikipiki mara tatu ndipo ikakubali, na Ramlatu akasimama uani akiisikiliza mpaka ikapotelea barabarani.

Hakumgombeza mama yake. Heri angemgombeza. Aliketi mkekani, akamwaga masanduku yote sita, akaanza kutenga nguo moja moja: za Nasidi huku, za mama kule. Lubabatu alishindwa kuvumilia kumwona peke yake. Akaweka haya zake kando, akaketi kumsaidia. Ndiyo mara ya kwanza kuzigusa nguo za Nasidi.

Mkono wake ukaangukia kitambaa cha lesi, chepesi, rangi ya komamanga, pindo lake limeshonwa kwa mkono na mtu mwenye subira. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Akakikunja polepole, akakiweka kwenye rundo lake mwenyewe, akiamini kizuri vile ni alichokinunua yeye.

"Hicho kirudishe huku, Mama," Ramlatu alisema bila kuinua kichwa. "Hicho ni cha Nasidi."