Bolti Yenye Rangi ya Buluu

Pale mtaa wa gereji kila fundi alikuwa na rangi yake. Ukimaliza kukaza bolti unaichora mstari, ili ikilegea uone, na gari likirudi bovu ijulikane mkono wa nani ulipita. Injinia alitumia buluu. Hilo jina walimpa kwa utani. Chuo alikiona kwa nje tu. Aliyekuwa mke wake alitumia rangi nyekundu ya kucha, na mtaa mzima ukamwita Mama Kucha.

Kazi aliijua akiwa mke, chini ya magari ya mumewe, kwanza akishika taa, baadaye akishika spana. Alipoachwa alitoka na kisanduku cha spana na jina baya. Injinia alikuwa amewatangazia wateja kwamba gari la Mzee wa Vioo, la kifahari kuliko yote yaliyowahi kuingia mtaani, lilivurugwa giaboksi na mkewe aliyejaza oili vibaya. Tangu hapo, kwenye kibanda chake cha mabati, Mama Kucha aliletewa vigari vilivyochoka. Magari mazuri yalimpita tu.

Kwa hiyo gari lile lile la kifahari, jeusi, liliposimama mbele yake, hakuinuka haraka.

"Nimezunguka kote," alisema Mzee wa Vioo, mwenye duka la vioo vya madirisha. "Huyu anasema nibadilishe giaboksi nzima, yule anasema kompyuta. Gari limekuwa pambo la uani. Nimebaki na wewe."

"Yaani mimi ndiyo makombo."

"Nina njaa, mama. Nitakula."

Mama Kucha akamwambia aendeshe, yeye akakaa nyuma, masikio wazi. Mwanzoni gari lilikwenda vizuri. Lilipopata moto, likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini ilipiga kelele bure bila kasi kuongezeka, kisha gari likaruka kama limepigwa teke. Kurudi nyuma, lilisita kwanza ndipo likatii. Mashine ya kupimia ilisema gia zinateleza. Kwa nini zinateleza, haikusema.

Mama Kucha alitamani akute sahani za ndani ya giaboksi zimeungua zote, aibu ya mtu fulani iwe kubwa. Akalipandisha gari kwenye stendi, akalala chini. Mafundi waliotangulia walichomeka kompyuta wakatoa hukumu; hakuna aliyechafua mgongo. Bolti ya kupimia oili ilikuwa na vumbi la zamani, na chini ya vumbi mstari wa buluu, mzima, haujakatika. Nyekundu haikuwepo hata chembe.

Akatoka, akamwambia mchomeleaji wa jirani, "Niitie Injinia." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mtaa: bolti yenye rangi ya mwenzako huifungui mpaka mwenyewe awepo.

"Si ufungue tu yaishe, shemeji?"

"Shemeji wa nani? Mwite."

Injinia alikuja akijifuta mikono, na tabasamu lake la wateja. "Naona umenikumbuka."

"Nimeikumbuka bolti yako. Inama."

Akainama. Akakaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Rangi ya nani?" Mzee wa Vioo aliuliza.

"Buluu."

"Si uliniambia oili alijaza mama?"

"Mzee wangu, tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Mara mkono wangu, mara wake."

"Wakati ule nilikuwa kwenu," Mama Kucha alisema. "Namwogesha mama yako kitandani."

Mchomeleaji akazima mashine yake.

Mama Kucha akawasha injini, akasubiri oili ipate joto, akafungua. Gari lile halina kijiti cha kupimia. Oili hupimwa kwenye tundu hilo, injini ikinguruma, na ikitosha hutiririka kidogo. Halikutoka tone.

"Ulipima injini imezimwa," alisema. "Oili yote imeshuka chini, ukaona imejaa."

"Nilikuwa na haraka siku ile."

"Haraka yako, talaka yangu."

Alichovya kidole tunduni, akanusa. Oili haikunuka moshi. Giaboksi ilikuwa nzima, ilikuwa na kiu tu, na kwa kitambo kidogo jambo hilo lilimuudhi. Akajaza mpaka ikatiririka, akafunga, akafuta buluu kwa kitambaa chenye petroli. Wakalishusha gari, wakapanda nalo kilima cha nyuma ya mtaa.

"Imeshaingia ya tatu?" aliuliza Mzee wa Vioo, akitazama mshale wa dashibodi.

"Kitambo."

Waliporudi, Injinia alikuwa bado amesimama pale pale. "Mama watoto, haya mambo tuyaache."

"Uliyasema kwa wateja. Kayarudishe kwa wateja."

Injinia akageuka, akarudi gerejini kwake. Mama Kucha hakumtegemea. Samahani ya yule bwana hakuwahi kuisikia hata walipolala kitanda kimoja.

"Mimi nitasema," alisema Mzee wa Vioo. "Dukani kwangu wanapita watu wengi wenye magari."

"Sema."

Mama Kucha akalipandisha tena gari kwenye stendi, akarudi chini, akahakikisha bolti haivuji, akatoa kichupa mfukoni. Mzee wa Vioo akapiga magoti kwa shida kutazama. Mama Kucha akachora mstari mwekundu, akaupuliza, na hakulishusha gari mpaka rangi ilipokauka.